Ugali wa Mtu Mmoja Zaidi

Nikiwa mdogo, upande wa Chwele, upepo uliwahi kung'oa bati la kanisa letu katikati ya ibada. Mhubiri alikuwa anaomba, sisi tumefumba macho, tukasikia kishindo juu, na tulipofumbua tukaona mawingu pale palipokuwa na paa. Mhubiri hakuacha kuomba, alipaza sauti tu. Sisi watoto tulitoka mbio kulifuata lile bati. Liliteleza juu ya mahindi ya watu mpaka likaanguka kwenye viazi vitamu vya nyanya mmoja mzee, mkali sana, na yule nyanya akalikalia. Nasema alilikalia kabisa, akaketi juu yake na nguo zake zote, akasema Mungu amemletea, na kama kanisa linalitaka, lije liombe vizuri. Wazee wa kanisa wakaja, wakaomba vizuri, wakaenda bure. Mwishowe walimwachia. Akalikata, akafanya mlango wa banda la kuku, na kipande kilichobaki akanipa mimi kwa sababu ndiye niliyemshikia wakati wa kukata.

Kipande hicho ndicho kilichonitoa shule. Wenzangu waliachishwa na karo, mimi niliachishwa na bati. Nilikuwa darasa la tatu, na badala ya kuandika hesabu nilikuwa nafikiria vile nitakunja ile kona bila kuipasua. Baba yangu alichapa, akachoka, akanipeleka Kitale kwa ndugu yake aliyekuwa anatengeneza ndoo, karai na majiko. Nimekaa Kitale tangu wakati huo. Kwa hivyo msomaji akiona mahali nimekosea kuandika, asishangae sana. Haya niliyonayo nilijisomea kwenye magazeti ya kufungia nyama.

Sasa, mtu wa kutengeneza majiko hujulikana na wapishi. Wanaume hununua jiko, lakini wanaokuja kulilalamikia ni wanawake. Na hakuna aliyewahi kunilalamikia kama yule mama aliyekuja siku moja amebeba jiko langu kichwani, akaliweka chini mbele ya wateja wangu wote.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi, mama."

"Hii jiko yako inakula makaa kama ng'ombe ya maonyesho."

Wateja wakacheka. Nikasema labda anajaza sana.

"Si kujaza. Kuja kwangu uone. Si ni hapo tu nyuma ya ua?"

Kweli ilikuwa hapo tu. Walikuwa wamehamia nyumba iliyopakana na kibanda changu, yeye na mumewe na watoto wawili, na mimi sikuwa nimejua. Nikaenda nikaona mlango wa jiko niliukata mkubwa, upepo unaingia wote. Nikaupunguza. Hakunishukuru. Alinipa sahani ya maharagwe na kusema, "Kula, tuone kama mikono yako inajua kazi nyingine." Hivyo ndivyo nilivyomjua jirani.

Jina lake sitaliandika. Majirani wengine walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama kawaida yetu, lakini mimi nilizoea kumwita jirani, na yeye aliniita Fundi. Alikuwa wa wale watu waliotoka upande wa Mlima Kenya wakaja kulima Trans-Nzoia, na mumewe ni Mbukusu mwenzangu, wa Tongaren. Ndoa za namna hiyo huku kwetu si ajabu. Vita vyake huwa kwenye sufuria tu.

Mama mkwe wake alipokuja mara ya kwanza kutoka Tongaren, jirani aliamka mapema akapika githeri nzuri, mahindi na maharagwe, akakaanga na kitunguu, akatia viazi na karoti kutoka kwa mama yake mzazi. Mama mkwe aliangalia sahani kwa muda mrefu. Alikuwa mmoja wa wale wazee wetu ambao ulimi hubadilisha l na r wapendavyo. Akauliza, "Hii ni chakura ama ni mbegu? Nipande ama nikure?"

Jirani alinisimulia hayo akiwa bado ana hasira, halafu akaanza kucheka mwenyewe mpaka akaketi chini. Wiki iliyofuata akatafuta mrenda sokoni, ile mboga yetu ya kuteleza. Hakuuliza mtu. Aliukaanga na nyanya na kitunguu kama sukuma wiki, moto mwingi, mpaka ule utelezi wote ukaisha, na akapeleka mezani mboga kavu kama majani ya chai. Mumewe alikula yote. Alipomaliza akasema, "Leo mrenda imetulia," na akaenda kulala. Miaka mingi baadaye jirani bado alikuwa anajiuliza kama ile ilikuwa sifa au matusi. Mimi nilisema ni mapenzi. Akasema, "Fundi, wewe unajua bati tu."

Lakini aliujua mrenda baadaye, na angeushinda hata mama mkwe. Alijua pia mboga za kunde na saga, na kichwa cha mbuzi, na uji wa wimbi uliochacha vizuri. Alikuwa na neno lake moja la jikoni. Chakula chake hakikuwa kinaiva, kilikuwa kinakubali. Angesimama juu ya ugali, anakandamiza kwa mgongo wa mwiko, ananusa, na watoto wamepanga foleni mlangoni.

"Mathe, si imeiva!"

"Imeiva, lakini haijakubali."

"Sasa inakataa nini?"

"Muulize."

Siku moja mumewe alikuwa amekaa hapo nje anavua viatu, jirani akamwonyesha kwa mwiko akaniambia, "Huyu naye aliiva zamani, lakini bado hajakubali." Mume akamrushia soksi. Hivyo ndivyo walivyoishi, na nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu wakisikia mwisho wa habari hii hudhani mwanzo wake pia ulikuwa mbaya. Haukuwa. Nilikuwa nasikia kicheko chao juu ya ua nikigonga bati, na nikaacha kugonga nisikie vizuri. Mimi na mke wangu tulikuwa watu wa kimya. Tulipendana, lakini kimya kimya, mpaka akatangulia.

Turudi kwa jirani. Mtu angedhani mwanamke kama huyo anapenda kupika. Hakupenda. Aliniambia wazi, mara nyingi: "Mimi nilikuwa nataka kushona nguo, Fundi. Nikipata mtu wa kunipikia, nitaweka miguu juu ya kiti na kuuliza kama chumvi iko." Halafu siku moja akaugua malaria, na mimi, nikiwa na huruma, nikamwekea uji motoni. Nilikuwa nakoroga pale jikoni, yeye yuko kitandani chumba cha pili, mlango umefungwa. Nikamwona ametokea na shuka mabegani, anatetemeka, ananinyang'anya mwiko.

"Nini sasa?"

"Nasikia inafanya madonge."

Alikuwa anasikia madonge kupitia ukutani. Tena alikuwa mtu wa kusema kila siku, "Hii nyumba si hoteli," na hakuna mtu aliyepita pale wakati wa chakula akaondoka bila kula, hata muuza karanga, hata mhubiri aliyekuja kumwambia ataungua motoni. Alikuwa mkali juu ya kupoteza chakula, angekufuata na punje moja ya mchele, lakini maharagwe yakishika kidogo chini ya sufuria, aliyamwaga yote kwa kuku kwa aibu. Kuku wake walinenepa kwa aibu yake.

Kitu kilichomuuma ni kuambiwa hafanyi kazi. Kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa waliambiwa kila mtu ajitambulishe. Mmoja akasema ni mwalimu, mwingine anauza nguo sokoni. Yeye akasema, "Mimi niko nyumbani." Mama mmoja akamwambia kwa upole, bila ubaya, "Ah, wewe umepumzika."

Alirudi akakata sukuma. Nilisikia kisu kutoka kwangu.

"Ati nimepumzika! Fundi, niangalie. Kuna mahali nimepumzika?"

"Hakuna, mama."

"Angalia vizuri."

"Mama, hakuna kabisa."

Jioni hiyo sukuma ilikuwa nyembamba kama nywele. Tuliimeza bila kutafuna.

Mumewe naye aliwahi kukosea hivyo hivyo. Alirudi kutoka kazini akamuuliza, "Umefanya nini leo?" Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza. Kesho yake jirani hakuwasha moto. Alivaa nguo ya kanisa, akachukua mkoba, akaketi sebuleni katikati ya vyombo vichafu. Mume akaingia akasimama.

"Kuna nini?"

"Kuna mimi."

Mwanaume akaangalia sufuria tupu, akaangalia mkoba, akaelewa. Akakunja suruali, akawasha jiko mwenyewe, akaunguza mchele vibaya sana, na wakaula wote wanne wakicheka. Nililetewa wangu juu ya ua. Ulikuwa na ladha ya makaa. Sijawahi kula mchele uliopikwa kwa furaha kama ule, na nimekula katika harusi nyingi.

Halafu mume akapata kazi Bungoma, ya kununua mahindi kwa stoo ya nafaka. Mwanzoni alikuja kila Jumamosi na nyama imefungwa kwa gazeti. Baadaye mwisho wa mwezi. Baadaye simu: mvua imeharibu barabara, lori limekwama Kimilili, mahindi yameingia mengi.

"Hii mvua ya Bungoma," jirani akaniambia, "haina kiangazi?"

Watu wengine walisema ana nyumba nyingine huko. Mimi sikuiona, kwa hivyo siwezi kuandika. Hakukuwa na ugomvi ambao niliusikia, na mimi nilikuwa nasikia kila kitu. Alipungua tu, kidogo kidogo, mpaka siku moja ukikumbuka, miaka imepita na watoto wamemaliza shule wameenda zao.

Sasa, ugali. Sufuria yake ya ugali ilikuwa na kibonyeo ndani, na alikuwa anapima maji hapo. Kwenye kibonyeo ni ugali wa nyumba nzima. Mtoto wa kwanza alipoondoka, akapunguza maji. Wa pili akaondoka, akapunguza tena. Lakini sehemu ya mume hakuipunguza. Nilimuuliza mbona anapika ugali wa watu wawili na yuko mmoja.

"Nikipunguza hayo maji," akasema, "ni kama nimemzika."

Na kwa kuwa hakuweza kutupa chakula, ule ugali wa mtu mmoja zaidi ulipita juu ya ua ukanijia mimi, umefunikwa kwa sahani, na mboga pembeni. Nitasema ukweli. Nilikuwa mjane, na jioni nilinawa mikono mapema nikakaa nasubiri kusikia ile sahani ikiwekwa juu ya ukuta wa ua. Nilikuwa nakula chakula cha mwanaume mwingine, nikijua ni chake. Nilikuwa naomba Mungu mambo mawili yanayopigana: huyo mtu arudi kwake, lakini asirudi leo.

Siku hizi jirani hayuko. Alihamia Kimilili kwa binti yake, analea wajukuu. Nyumba imeingiwa na vijana wawili wazuri wanaopika na gesi. "Niaje, Fundi," wananiambia, nami nasema poa. Gesi haina moshi, na haileti habari. Zamani nilikuwa najua saa kwa pua: hii ni chai, haya ni maharagwe ya kuchemshwa, hiki ni kitunguu kimeingia mafuta, sasa sio mbali. Siku hizi jioni inakuja haina harufu yoyote. Najipikia, kwa jiko langu mwenyewe, nakula nikiwa nimesimama.

Lakini nimekuwa nikiizunguka ile Jumapili, na ni afadhali niiseme.

Ilikuwa kabla ya yeye kuhama. Alikuja kwa kibanda changu asubuhi ya Jumamosi, na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Fundi, anakuja kesho."

"Nani?"

"Baba yao. Amepiga simu, ati anataka tuongee. Hiyo sauti naijua, amechoka huko."

"Na wewe unamtaka?"

"Ai! Umekuwa mama mkwe?" Halafu akashika pembe ya meza yangu. "Namtaka, Fundi. Sitamwambia kwa mdomo, siwezi. Nataka chakula kimwambie."

Hakwenda kanisani siku hiyo. Nilimchinjia jogoo. Akapika chapati laini, wali, kuku wa mchuzi mzito, pojo, na kabeji iliyokatwa nyembamba, ile ya hasira, lakini siku hiyo haikuwa hasira. Akaning'iniza mapazia yaliyofuliwa. Akafungua kabati la sebuleni, akatoa sahani za maua, zile za udongo mwembamba, na glasi, akazipangusa moja moja. Mimi nilikuwa nimealikwa ili baba yao asile peke yake kama mtu anayeshtakiwa.

Alikuja na bodaboda, saa ya mchana. Amekonda. Shati lake lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya pakiti. Mkononi ana mfuko wa karatasi, mkate na sukari na majani ya chai. Akasimama langoni, lango alilolipigilia misumari mwenyewe nikimshikia, akasema, "Hodi!"

"Karibu!" jirani akajibu kutoka ndani.

Walishikana mikono. Akampa ule mfuko, naye akaupokea kwa mikono miwili. Halafu mwanaume akageuka kuelekea jikoni, na nadhani miguu yake ndiyo iliyogeuka yenyewe.

"Aa-a, huko kuna moshi," jirani akasema haraka. "Utaharibu shati. Kaa sebuleni, kaa kwa kiti."

Akakaa. Jirani akaleta maji ya moto kwa birika na karai, akamnawisha, akampa taulo jipya. Akapanga zile sahani. Mwanaume akaangalia maua ya sahani kwa muda. Kwetu huku, mwenye nyumba ana chombo chake. Chake kilikuwa sahani ya bati, imebanduka pembeni, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

"Ile sahani yangu ya bati iko?" akauliza polepole.

"Iko, lakini imebanduka sana. Siwezi kukupa hiyo leo."

Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipoona. Mwanamke alikuwa ametoa kila kitu kizuri alichonacho ili amrudishe, na kila kitu kizuri alichonacho ni cha wageni. Mwanaume alikuwa anakihesabu kimoja kimoja.

Alikula vizuri, kwa adabu. Aliacha kidogo kwenye sahani, kama mtu anavyoacha kwa watu.

"Ongeza," jirani akamwambia. "Usione haya."

"Nimeshiba. Asante sana kwa chakula."

Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mbolea. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake aseme. Nilitaka kuondoka niwaachie nafasi, lakini nikiinuka jirani ananiangalia kwa macho kwamba nikae. Mwishowe mwanaume akapiga magoti yake kwa viganja.

"Basi, wacha nisonge kabla haijanyesha."

Jirani akasimama. Maneno yakamtoka yenyewe, yale anayowaambia wageni wote:

"Haya. Karibu tena."

Nikaona mkono wake unaenda mdomoni, umechelewa. Mwanaume alikuwa ameshashika kofia. Jirani akafungua mdomo mara ya pili, akasema tu, "Fundi, msindikize."

Nikamsindikiza mpaka kwenye barabara ya murram. Hapo akanigeukia.

"Fundi, mimi nilikuja kurudi."

"Basi rudi, bana."

"Umeona sahani?"

"Nimeona. Alikuwa anakuheshimu. Amepika tangu alfajiri. Huyo mama anakutaka, ameniambia kwa mdomo wake."

"Amekuambia wewe."

"Hakuweza kukuambia wewe. Ingia sasa hivi kwa mlango wa jikoni, keti kwa kigoda, sema una njaa. Hataweza kukufukuza."

Akasimama akaiangalia nyumba. Moshi ulikuwa bado unatoka jikoni. Niliona anafikiria, nikaona hata mguu mmoja umegeuka.

"Nimeshasema nimeshiba," akasema.

Akanishika mkono, akaniambia nimsalimie. Bodaboda mmoja alisimama, yeye akamkataa kwa mkono, akaendelea kwa miguu kandokando ya barabara, akapita kwenye kinu cha kusaga, akapita kwa mama mmoja anayeuza ndizi. Mvua ilianza kudondoka. Nilimwita mara moja. Hakugeuka, na hakurudi tena.